Geji Ikifa, Gari Likitembea

Ukiwa na gari kuukuu huko Siongiroi, geji ya mafuta ikifa usihangaike sana. Jaza tangi, uandike kilomita (kama geji hiyo nayo ingali hai), kisha ujue safari ya Bomet na kurudi hunywa lita ngapi. Wakati wa matope ongeza, kwani gari hunywa zaidi.

Geji ya joto ndiyo ya kuogopwa. Maji yakiisha, kipimo kilichomo injinini hubaki hewani, na mshale waweza kuonyesha baridi huku injini ikiungua! Basi kagua maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiona mvuke njiani, simama, zima, ungoje ipoe. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali moto, maji yachemkayo hukurukia usoni, hata abiria wakuharakishe vipi.