Redio kol si simu: mambo 6 ya kujua kabla ya kubonyeza kitufe

Mlinzi wa geti, muongoza watalii, mhudumu wa hoteli, fundi wa mgodini na msimamizi wa ukumbi wa harusi, wote siku hizi wanatembea na kifaa kimoja kiunoni: redio kol, ambayo wengine huiita woki-toki. Haihitaji vocha wala bando, na inafanya kazi hata pale mtandao wa simu unapokata.

Tatizo ni kwamba wengi hukabidhiwa redio bila maelekezo zaidi ya "bonyeza hapa, ongea". Na kwenye kubonyeza ndipo hatari nyingi zinapoanzia.

Redio ikiwa inasikiliza tu, hairushi mawimbi. Kitufe cha pembeni kikibonyezwa, inageuka kuwa mtambo mdogo wa kurushia. Redio nyingi za kazini hurusha kwa nguvu ya wati 4 hadi 5. Simu hupunguza nguvu yake yenyewe mnara ukiwa karibu, lakini redio kol ya kawaida haifanyi hivyo. Anayepokea awe hatua 10 au kilomita 2, nguvu ni ileile.

1. Karibu na baruti, redio inazimwa

Migodini na kwenye machimbo ya kokoto, baadhi ya baruti hulipuliwa kwa viwashio vya umeme vyenye nyaya ndefu. Nyaya hizo zinaweza kunasa mawimbi ya redio iliyo karibu kama antena inavyofanya, na umeme ukaingia kwenye kiwashio. Ukitosha, mlipuko unatokea watu wakiwa bado hawajaondoka.

Ndiyo maana maeneo hayo huwekwa mabango ya kuzima redio na simu. Kupunguza sauti hakusaidii chochote. Umbali salama hupangwa na msimamizi wa ulipuaji, sio mtu kukisia kwa macho.

2. Kwenye mafuta na gesi, si kila redio inaruhusiwa

Bohari za mafuta na mitambo ya gesi hutumia redio maalumu zilizothibitishwa kuwa haziwezi kuwasha mvuke. Nyingi huwa na alama ya "Ex" kwenye kibandiko. Betri yake nayo lazima iwe ya aina hiyohiyo. Ikibandikwa betri ya kawaida, ulinzi huo haupo tena.

Kosa linalofanyika sana ni kubadilisha betri palepale kazini. Betri inapochomolewa au kupachikwa, cheche inaweza kuruka. Mtu atoke kwanza eneo la hatari, ndipo abadilishe. Vivyo hivyo kwa kuchaji.

3. Antena si mpini

Redio inatakiwa kushikwa wima, sentimita 2.5 hadi 5 kutoka mdomoni, bila kuigusa antena. Antena iliyochubuka hadi chuma kikaonekana inaweza kuunguza ngozi ikiguswa wakati mtu anaongea. Kubonyeza kitufe wakati antena haipo kunaweza kuharibu redio yenyewe.

Maelekezo ya watengenezaji wengi yanasema muda wa kuongea usizidi nusu ya muda wote wa matumizi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aiweke redio zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye kifaa hicho, na asiiweke kabisa kwenye mfuko wa shati.

4. Betri ya akiba mfukoni na funguo

Betri nyingi za redio hizi ni za lithiamu, na vidoti vyake vya chuma viko wazi. Funguo au sarafu zikivigusa kwa pamoja, umeme unapita kwa nguvu na chuma kinapata moto wa kuunguza. Betri ya akiba ikae kwenye kasha lake.

Betri iliyovimba haichajiwi tena hata kama "bado inashika chaji". Ikiwa imelowa, ikaushwe kwanza. Na redio isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani.

5. Wawili wakiongea pamoja, hakuna anayesikika

Kwenye simu watu wanaweza kukatizana na bado wakaelewana. Kwenye redio kol, chaneli moja hubeba sauti moja kwa wakati. Wawili wakibonyeza pamoja, wengine husikia mkwaruzo au mluzi tu.

Hali hiyo ilichangia ajali mbaya zaidi katika historia ya ndege za abiria. Machi 27, 1977, huko Tenerife, Uhispania, ujumbe wa mnara na wa ndege ya Pan Am uligongana hewani. Marubani wa KLM hawakusikia vizuri kwamba ndege nyingine bado ipo njiani. Kulikuwa na ukungu, ndege ziligongana na watu 583 walikufa.

Kwa hiyo mtu asikilize kwanza, abonyeze, asubiri sekunde moja ndipo aseme. Asiyejibiwa "nimekupata" asichukulie kwamba amesikika.

Redio iliyokaliwa kwenye kiti ikabonyezwa hufunga chaneli nzima. Redio nyingi zina mpangilio wa kukata zenyewe baada ya muda fulani. Ni vizuri uwashwe.

6. Kila mwenye redio anaweza kusikia

Redio kol za kawaida hazina siri. Kutaja kiasi cha pesa, namba ya chumba cha mgeni au muda gari la mshahara linapoondoka ni sawa na kutangaza.

Pia masafa yana mwenyewe. Tanzania husimamiwa na TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni inatakiwa kuwa na leseni. Redio za bei rahisi zinaweza kuwekwa masafa yoyote kwa mkono, na anayebahatisha anaweza kuangukia chaneli ya polisi au ya gari la wagonjwa wakati inahitajika.

Anayekabidhi redio wakati wa kubadilishana zamu anaweza kukagua haya kwa dakika mbili: antena haijachubuka, betri haijavimba, kitufe hakikwami, chaneli ni sahihi. Kisha amwambie anayepokea ni wapi anatakiwa kuizima.