Doa katikati ya macho: je, nitapofuka kabisa?

Huenda unaiona njia na miti ya kando, lakini uso wa mtu aliye mbele yako umefunikwa na doa. Usikate tamaa, ila usikae nyumbani.

Ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna utando unaopokea mwanga. Sehemu ndogo ya katikati yake huitwa makula. Ndiyo tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Kwa baadhi ya watu wenye umri zaidi ya miaka 50, sehemu hiyo huchakaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kurogwa. Pia si mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji.

Mbele kuna nini?

Ugonjwa huu peke yake hauleti giza kabisa. Huharibu uwezo wa kuona katikati. Kando unaendelea kuona. Uko wa aina mbili:

- Aina kavu huenda polepole, kwa miaka. Inaweza kugeuka ya pili.
- Aina ya majimaji: mishipa mibovu ya damu huota chini ya utando na kuvuja. Macho huharibika kwa wiki au miezi michache. Hutibiwa kwa sindano za dawa ndani ya jicho, kwa daktari bingwa. Kilichokwisha kufa hakirudi, kwa hiyo wahi.

Jipime mwenyewe

Funika jicho moja, tazama ukingo wa mlango ulionyooka. Kisha jicho la pili. Ukiona umepinda au una pengo, nenda kliniki mara moja, uombe barua ya rufaa.

Ufanye nini?

- Acha sigara. Huongeza ugonjwa huu.
- Usitie dawa za kienyeji machoni.
- Tazama kidogo pembeni ya kitu, utakiona vizuri zaidi.
- Kaa penye mwanga. Ugali mweupe uwekwe kwenye sahani ya rangi.
- Siku ya mgao, nenda na mtu wa kukusomea kadi.

Nanyi majirani, mzee akikupita bila salamu, usidhani ana kiburi. Msalimu wewe kwanza, umtajie jina lako. Sauti yako ataitambua.