Sala ya wacheshi wanne

Jioni pale Kalundu, bandari yetu ya Uvira, boti zikisubiri kupakia, hakosekani kijana mmoja wa kuigiza pastere. Sauti inapanda, wenzake wanaitikia "Amina!", na ndani ya maombi hayo zinapita barabara mbovu, mshahara wa mwalimu usiofika na askari wa bariyeri anayedai chake. Hata mama mkristo aliyeketi kando na beseni lake la ndagala anacheka. Anajua si Mungu anayesemwa.

Wacheshi wanne wa kundi la Bizonto, Uganda, walichekesha kwa namna hiyo Julai 2020. Katika video fupi waliwahimiza wananchi kuwaombea viongozi kila siku, kisha wakawataja wakubwa mmoja mmoja kwa majina. Msikilizaji alimalizia mwenyewe: wengi wao wametoka magharibi ya nchi. Polisi wakawatia mbaroni na kuwashikilia siku kadhaa, wakiwatuhumu kuchochea ubaguzi. Waliogawa vyeo hawakuulizwa kitu. Aliyesoma orodha kwa sauti ya sala ndiye aliyeitwa mbaguzi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu sisi wa Uvira tunaujua uchochezi wa kweli. Usiku wa Agosti 13, 2004, pale Gatumba, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kavimvira, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Maneno ya chuki hutangulia mauaji kama yale, na sheria kali dhidi yake tunaihitaji. Lakini mchochezi humnyooshea kidole jirani asiye na nguvu. Mcheshi humnyooshea mwenye kiti. Hakimu asiyeona tofauti hiyo hatulindi sisi.

Kwetu Kongo hata kisingizio cha ubaguzi hakihitajiki. Ipo sheria ya Desemba 16, 1963 inayoadhibu kumkosea heshima rais, na ipo tume ya kukagua nyimbo, ambayo Novemba 2021 iliupiga marufuku wimbo "Nini Tosali Te" wa kundi la muziki la MPR. Kelele za watu zilifanya wimbo huo ufunguliwe upesi. Sheria ya 1963 ingali palepale.

Uganda wameanza kufuta sheria za namna hii: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilichoadhibu mawasiliano ya kuudhi mitandaoni. Wabunge tuliowatuma Kinshasa wawaige, na waanze na hiyo ya 1963.