Je, Wajua? Shaba, Kutoka Mwamba wa Kapalamsenga hadi Waya wa Taa

Je, wajua kwamba kilo moja ya shaba ikivutwa hadi kufikia unene wa milimita 0.1, yaani kama unywele, hutoa waya wa kilomita 14 hivi? Huvutika kiasi hicho bila kukatika, na katika kupitisha umeme metali safi inayoizidi ni fedha peke yake. Sifa hizo mbili ndizo zilizoipeleka shaba ndani ya kila nyumba yenye taa.

Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ni moja ya sehemu za nchi yetu ambako shaba huchimbwa. Miamba ya ukanda huo, ambao wanajiolojia huuita Ubende, ina umri wa takriban miaka bilioni 2. Ziwa Tanganyika, pamoja na kina chake cha mita 1,470, ni changa mno likilinganishwa nayo. Kwa kawaida shaba hujikusanya pale maji ya moto kutoka ardhini yanapopenya kwenye nyufa za miamba, kisha yakapoa na kuyaacha madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake.

Mchimbaji huitambua kwa rangi. Jiwe la kijani kibichi ni malakaiti, yaani shaba iliyobadilishwa na hewa na maji ya mvua karibu na uso wa ardhi. Chini zaidi hupatikana kalkopairiti, ya manjano inayong'aa hata wengine huidhania dhahabu. Hiyo ni mchanganyiko wa shaba, chuma na salfa, na ikiwa safi shaba ni theluthi moja tu ya uzito wake. Nayo pia hutapakaa ndani ya mwamba wa kawaida. Migodi mingi mikubwa duniani huchimba mawe yenye shaba chini ya asilimia 1, maana yake zaidi ya kilo 100 za mawe kwa kila kilo ya metali.

Kazi ya povu, moto na umeme

Mawe hupita kwanza kwenye karasha, kisha husagwa hadi kuwa unga. Unga huo hutiwa katika matangi ya maji yenye kemikali zinazozifanya chembe za kalkopairiti zikatae kulowa. Hewa inapopulizwa kutoka chini, chembe hizo hung'ang'ania mapovu na kupanda juu, huku mchanga wa kawaida ukizama. Povu hukusanywa na kukaushwa. Hayo ndiyo makinikia, ambayo mara nyingi huwa na shaba kati ya asilimia 20 na 30.

Ndani ya tanuri, salfa huungua na chuma hutengwa kama taka. Shaba inayotoka huwa na usafi wa asilimia 99 hivi, na bado haitoshi, kwa sababu uchafu kidogo tu hupunguza uwezo wa kupitisha umeme. Kwa hiyo mabamba yake huzamishwa katika mchanganyiko wa asidi na umeme hupitishwa. Shaba huondoka kwenye bamba moja, husafiri ndani ya maji na kujijenga upya kwenye bamba jingine, ikiwa na usafi wa asilimia 99.99. Dhahabu na fedha zilizokuwa zimejificha ndani yake huanguka chini kama tope, nazo hukusanywa.

Ufundi wa kuyeyusha shaba si mgeni kwa watu wa eneo hili. Ng'ambo ya ziwa, huko Katanga, mafundi waliyeyusha malakaiti kwa mkaa na mivukuto karne nyingi kabla ya wakoloni, ingawa shaba safi huhitaji joto la nyuzi 1,085 ili iyeyuke. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Katikati ya karne ya 19, Msiri, Msumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, alifika huko na kujenga dola la Garenganze, ambalo shaba ilikuwa moja ya nguzo za biashara yake. Mji wa Mpanda nao ulikuzwa na madini: tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliotoa pia shaba, fedha na dhahabu.

Ndani ya ukuta, ndani ya mwili

Mwaka 1831 Michael Faraday, huko London, aligundua kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliosokotwa, umeme huzaliwa. Jenereta kubwa za leo bado hutumia kanuni hiyo. Nyaya ndefu za nguzo kubwa, kama laini ya kilovolti 132 inayotoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, kwa kawaida ni za aluminiamu, kwa kuwa ni nyepesi. Lakini ndani ya jenereta, mota ya mashine ya kusaga, simu na kuta za nyumba, shaba ndiyo hutawala. Fundi wa umeme anayetandaza waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi anataja milimita za mraba za shaba, na kipimo hicho ndicho kinachoamua kama waya utastahimili mzigo au utachemka na kuunguza nyumba.

Mwili wa mtu mzima nao una takriban miligramu 100 za shaba, zinazosaidia kutengeneza damu na kuimarisha mishipa. Kaa wa Ziwa Tanganyika husafirisha oksijeni kwa shaba badala ya chuma, ndiyo maana damu yao huwa ya samawati.

Ikizidi, shaba ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa, na samaki huathirika kwa viwango vidogo zaidi. Mabaki ya mgodi yenye salfa yakinyeshewa mvua huzaa asidi, hivyo kuyahifadhi vizuri ni kuwalinda dagaa na migebuka. Vilevile, anayechoma nyaya kuukuu ili apate shaba huvuta moshi wa plastiki wenye sumu. Amenye ganda kwa kisu. Shaba huyeyushwa upya mara nyingi bila kupoteza ubora.

Thamani iko wapi?

Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakazuiliwa. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli na kupima kilichomo, ikawasilisha taarifa Mei 24. Kampuni ya uchimbaji yenye makinikia hayo ilipinga takwimu hizo. Mabishano hayo yalionyesha wazi kwamba mwenye jiwe asiyeweza kulipima mwenyewe atapangiwa bei na aliyelipima.

Kila hatua kutoka mwamba hadi waya huongeza bei, na kinachoongezwa ni maarifa. Maarifa hayo yanafundishika. Katika somo la kemia sekondari, mwanafunzi anaweza kutumbukiza vipande viwili vya shaba katika maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, akaviunga na betri, na kuona kimoja kikipungua na kingine kikinenepa. Hiyo ni kanuni ile ile ya viwanda vinavyosafisha shaba ya dunia. Kwa hiyo shule iliyo karibu na mgodi inahitaji maabara kama mgodi unavyohitaji karasha, na mapato ya shaba yakianza kwenda huko, watoto wa Kapalamsenga wataweza kuyapima mawe yao wenyewe.