Masisi na Walikale: Maziwa yakipanda bei, nini kinaweza kushika nafasi yake jikoni?

Teritware za Masisi na Walikale zinapakana, lakini jikoni hazifanani. Kwenye vilima vya Masisi kuna majani na ng'ombe, na ndiko inakotoka fromaji inayojulikana Goma hadi Kinshasa, kazi iliyoletwa na mapadri Wabelgiji. Ukishuka upande wa Walikale unaingia msituni. Huko ng'ombe ni wachache, na akina mama wanategemea ngazi, muhogo, ndizi na karanga. Maziwa yanafika yakiwa unga ndani ya kopo, na siagi ikiwa margarini.

Vita imefanya safari hiyo kuwa ngumu zaidi. M23 iliingia Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, kisha Walikale-centre mwezi wa Machi kabla ya kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Njia ikifungwa, kopo la maziwa ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo mfuko wa raia hauwezi tena.

Mama anayekaanga mandazi au kuoka keki ya kuuza hana sababu ya kufunga kazi. Ajiulize kwanza: katika chakula hiki, maziwa yanafanya kazi gani? Kuna mahali yanaleta maji tu, mahali yanaleta mafuta, na mahali yanaleta uchachu. Kila kazi ina kitu cha bei ndogo kinachoweza kuifanya.

Huko Masisi, msaada wa kwanza ni mashanza. Uchachu wake ukikutana na bikarbonati unatoa hewa inayoinua unga. Kikombe kimoja cha mashanza na nusu kijiko kidogo cha bikarbonati vinatosha kwa keki ya kawaida, bila maziwa mabichi na bila leviri ya pakiti. Asiye na mashanza anaweza kutia kijiko kikubwa cha maji ya ndimu katika kikombe cha maziwa, kisha angoje dakika kumi.

Msaada wa pili ni maji yanayobaki baada ya kutengeneza fromaji. Kilo 1 ya fromaji inahitaji karibu lita 10 za maziwa, na sehemu kubwa inabaki kuwa maji hayo. Bado yana sukari ya maziwa na protini kidogo. Yakiwa ya siku hiyohiyo na yakichemshwa, yanafaa kukandia mandazi na mkate.

Upande wa Walikale, mafuta ya ngazi yanaweza kushika nafasi ya siagi. Karibu asilimia 80 ya siagi ni mafuta, mengine ni maji. Kwa hiyo penye gramu 100 za siagi, weka gramu 80 za mafuta na maji kidogo. Keki itakuwa na rangi na ladha ya ngazi, lakini rangi hiyo nyekundu ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mafuta yakichomwa mpaka kuwa meupe, faida hiyo inapotea.

Soya nayo inatoa maziwa: inalowekwa usiku mzima, inasagwa, inachujwa, kisha inachemka dakika 20 au zaidi, kwa sababu soya mbichi inasumbua tumbo. Katika unga wa keki, kikombe cha maziwa ya soya kinachukua nafasi ya kikombe cha maziwa ya ng'ombe.

Anayenunua maziwa ya unga asome maandishi ya kopo. Lita moja inahitaji karibu gramu 130 za unga. Kuongeza maji ni kupunguza chakula. Tena, sehemu ya unga unaotoka Ulaya kuja Afrika imeondolewa mafuta ya maziwa na kutiwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya ngazi. Kwa mandazi hakuna shida. Lakini mtu wa Walikale, mwenye ngazi nyuma ya nyumba, asilipe bei ya maziwa kamili kwa kitu hicho.

Kuna mahali pa kusimama. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa mashanza, maana mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu. Na mtoto mchanga si keki. OMS inashauri maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Maziwa ya soya ya nyumbani, maji ya fromaji au unga uliozidishwa maji havifai katika biberoni. Mama akikosa maziwa, au mtoto akibaki bila mama, mlango wa kubisha ni kituo cha afya.

Kwa mkubwa, mandazi bila maziwa ni mandazi tu. Kwa mtoto, kosa hilo linaonekana mwilini.