Kuwafundisha Watoto Kiingereza kwa Michezo

Mzazi apitaye karibu na darasa la watoto wadogo, akasikia vicheko na makofi na miguu ikikanyaga sakafu, mara nyingi hudhani kuwa mwalimu hayupo. Akichungulia dirishani na kumwona mwalimu mwenyewe ameshika kofia kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili, na watoto wakikimbia huku na huku, huenda akarudi nyumbani amekasirika. Husema kwamba hakumnunulia mtoto sare na madaftari ili aende kucheza. Michezo iko tele nyumbani, tena ni ya bure. Neno lake si la kupuuzwa. Kiingereza ni lugha ya mitihani na ya ofisi nyingi katika Kenya, na mzazi ana haki ya kutaka kuona faida ya fedha zake. Kwa hiyo yafaa aelezwe kinachofanyika ndani ya darasa hilo, maana kofia na kikombe havikuchukuliwa ovyo.

Kwa Kiingereza kofia ya namna ile huitwa "cap", na kikombe huitwa "cup". Mtu aliyezoea Kiswahili husikia maneno hayo mawili kana kwamba ni neno moja. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Kiingereza huandikwa kwa herufi tano hizo hizo, lakini sauti za irabu zinazosemwa na Waingereza zinakaribia 20. Basi sikio la mtoto, likikutana na sauti lisizozijua, huzitia zote katika kikapu kimoja cha "a". Mwalimu aweza kueleza tofauti hiyo kwa saa nzima, akachora mdomo na ulimi ubaoni, na watoto wa miaka sita wasielewe hata kidogo. Lakini akiweka kofia katika pembe moja ya chumba na kikombe katika pembe nyingine, kisha akatamka neno moja na kuwaambia waende kwenye kitu walichosikia kikitajwa, hapo ndipo sikio linapoanza kazi. Aliyekosea hujiona mwenyewe, kwa kuwa amesimama kwenye kikombe na wenzake wako kwenye kofia. Hakuna aliyemkemea. Hugeuka, hukimbia, na mara ya tatu husikiliza kwa makini zaidi. Mwalimu mwerevu huwafumbisha macho kwanza na kuwataka waonyeshe kwa kidole, ili wasifuatane kama kondoo.

Kila lugha ya nyumbani ina mitego yake. Mtoto wa Kikuyu hakuikuta sauti ya "l" katika lugha ya mama yake, kwa hiyo "rice", yaani mchele, na "lice", yaani chawa, humchanganya, na mchezo wa picha mbili za vitu hivyo huwachekesha watoto mno hata hawausahau. Mtoto wa Kijaluo hakuzaliwa na sauti ya "sh", na samaki, ambaye ni "fish", humtoka mdomoni kama "fis". Katika lugha za Wakalenjin sauti za "p" na "b" hazitofautishi maneno, na kwa sababu hiyo mtoto wa huko hana desturi ya kuzisikia kuwa ni mbili. Hakuna aibu yoyote katika mambo hayo. Mwingereza naye akijaribu kusema "ng'ombe" hupata taabu ile ile.

Kujifunza lugha kwa kutenda si jambo lililozuka jana. Harold Palmer, Mwingereza aliyefundisha katika Japani, alishirikiana na mwenziwe kutoa kitabu mjini Tokyo mwaka 1925, nacho kilijaa amri na matendo: simama, funga mlango, chukua kalamu uiweke mezani. Baadaye, katika miaka ya 1960, James Asher, mtaalamu wa mambo ya akili huko California, alifanya majaribio juu ya jambo hilo. Aliwaza juu ya mtoto mchanga. Mama humwambia mwanawe njoo, keti, lete kijiko, kwa miezi mingi kabla mtoto hajaweza kulitamka neno kijiko. Mtoto hutii kwa mwili wake, na maneno huingia kwanza, halafu hutoka kwa wakati wake. Kwa nini basi mtoto wa shule alazimishwe kusema Kiingereza siku ya kwanza, kabla hajapata nafasi ya kukisikia?

Mchezo ujulikanao kwa Waingereza kama "Simon says" umejengwa juu ya msingi huo. Kiongozi hutoa amri, mathalani kugusa pua, kuruka au kuketi. Ikiwa ametanguliza maneno hayo mawili, yaani Simoni asema, wote hutii. Ikiwa hakuyatanguliza, atakayetii ametoka mchezoni. Hauhitaji kitabu wala chaki. Wiki ya kwanza mwalimu ndiye kiongozi, na baada ya hapo mtoto mmoja mmoja huchukua nafasi yake. Aliyekuwa mkimya siku zote, akipewa madaraka ya kumwamuru mwalimu wake aruke, hupata ulimi ghafula. Kosa la mchezo huu ni lile la kuwatoa wakoseaji: wale dhaifu, ambao ndio wenye haja ya kucheza zaidi, ndio hukaa ukutani wakitazama. Ni afadhali aliyekosea apoteze kijiwe kimoja katika vitano alivyopewa, kisha aendelee.

Kwa upande wa kusoma, chombo kinachofaa kuliko vingi ni vizibo vya chupa za soda. Wenye hoteli na maduka huvitoa bure. Mwalimu huvipiga bapa pembeni ili visikate vidole, huviosha, na kuandika herufi moja juu ya kila kizibo kwa rangi. Kila kikundi cha watoto watano au sita hupata herufi zote 26, na irabu mara mbili.

Yapasa kufahamu ugumu ulioko hapa. Aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa ba, be, bi, bo, bu, akishazijua silabi zake aweza kusoma karibu neno lolote, kwa kuwa herufi haibadiliki. Kiingereza hakina uaminifu huo. Herufi "c" katika "cat" husemwa kama "k", na katika "city" husemwa kama "s". Mtoto akitupwa katikati ya msitu huo bila njia, huanza kukisia, na mwenye desturi ya kukisia huwa vigumu kumrudisha. Kwa hiyo huanza na jamaa za maneno. Vizibo vitatu hupangwa kusoma "cat", yaani paka. Kisha kizibo cha kwanza peke yake huondolewa na kingine kuwekwa: "hat", "mat", "rat", "bat". Mtoto aona kwa macho yake na kwa vidole vyake kwamba mkia wa neno umebaki vile vile na kichwa ndicho kilichobadilika. Vikundi hushindana nani atapata maneno mengi kabla mwalimu hajahesabu mpaka mia. Wengine huunda maneno yasiyokuwako duniani. Na hayo pia yasomwe kwa sauti, kwa sababu anayeweza kusoma neno lisilo na maana ameonyesha kwamba anasoma, wala hakukariri.

Liko jambo moja ambalo walimu wengi hulikosea hata katika michezo. Humwinua mtoto kitabu mbele ya macho, naye na wenzake sitini huimba kwa Kiingereza kwamba hiki ni kitabu. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu amwambiaye mwenzake kwamba hiki ni kitabu, na wote wawili wanakiona. Maneno yasiyo na haja hayakai. Afadhali kitu kitiwe ndani ya kikapu na kufunikwa kwa kitambaa, mtoto mmoja apapase ndani bila kutazama, na wengine waulize kwa zamu: "Is it a spoon?" Aliyepapasa hujibu ndiyo au siyo. Sasa kila swali lina haja yake, maana muulizaji kweli hajui. Kunde, gunzi la mahindi, ufunguo, yai lililochemshwa, vyote vyafaa.

Duka la darasani hufuata njia hiyo hiyo. Watoto huleta paketi tupu za majani ya chai, karatasi za sabuni na makopo ya mafuta ya kupikia. Fedha hukatwa kwa maboksi. Muuzaji hukaa nyuma ya dawati, na mnunuzi humwuliza bei kwa maneno "How much is this?" Duka likiendelea kwa wiki mbili au tatu, watoto huanza kudai punguzo wenyewe, jambo ambalo halimo katika vitabu vingi vya Kiingereza lakini limo katika kila soko la Kenya. Mwalimu awape maneno ya kudai. Hesabu nayo hupata faida hapo.

Vitendawili pia visisahauliwe. Watoto wa Kenya, wa bara na wa pwani, wamelelewa katika kutegana, na desturi hiyo yaweza kuvushwa mpaka lugha ngeni kwa sentensi fupi tatu: nala majani, nakupa maziwa, mimi ni nani? Mtoto wa mwaka wa pili aweza kuyasema hayo kwa Kiingereza chake mwenyewe, na akatunga mengine.

Nchi ya Kenya yenyewe ina historia katika kazi hii. Mwaka 1957 kituo maalum kiliwekwa Nairobi kutengeneza vitabu na mafunzo ya kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa picha, vikundi na matendo badala ya kukariri. Kazi ilianza katika shule za watoto wa Kihindi, ikaenea kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tume ya Profesa Ominde iliiunga mkono mwaka 1964. Lakini mtindo ulienea upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, na mahali pengi picha na vifaa havikufika, kukabaki Kiingereza bila mchezo. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilishauri kwamba watoto wa miaka ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa, na Kiingereza kiwe somo. Huo ndio mwongozo hata leo kwa madarasa matatu ya kwanza, ingawa shule nyingi za mijini hazikuufuata.

Kisha ikaja redio. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na wataalamu wa Marekani walitangaza masomo ya nusu saa yaliyoitwa "English in Action" kwa madarasa ya kwanza mpaka la tatu. Redio hiyo haikuhutubia. Iliuliza, halafu ikanyamaza kwa muda mfupi uliopimwa, na darasa zima likajibu katika kimya hicho. Iliamuru watoto wasimame, nao wakasimama. Iliimba, nao wakaimba. Mwalimu wa kijijini asiyejiamini katika matamshi yake alipata msaidizi asiyechoka. Mtindo huo wa kuacha nafasi ya kujibu ulipata sifa, ukaigwa katika nchi nyingine.

Kinyume cha hayo yote ni woga. Kwa miaka mingi katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kipande cha ubao au mfupa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenziwe akikosea amkabidhi. Jioni waliokivaa siku hiyo waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Wako watu wazima wasemao kwamba ndiyo iliyowafundisha Kiingereza. Lakini mtoto mwenye kuogopa ubao hujifunza kwanza kunyamaza, maana anyamazaye havikwi kitu, na lugha haifunzwi kwa kunyamaza. Tena hujifunza kuwapeleleza rafiki zake. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza tena. Ubao wa shingoni haukutoweka kila mahali siku hizo hizo.

Mzazi asiyejua Kiingereza hana sababu ya kujitenga. Aweza kumwomba mtoto amfundishe maneno matano jioni, kwa vyombo vya jikoni. Mtoto anayemfundisha mama yake hukumbuka zaidi kuliko aliyefundishwa. Aweza pia kumsimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa mtoto ajuaye kusimulia kwa Kikamba au Kimeru anapokutana na hadithi ya Kiingereza hupungukiwa na maneno tu, wala hapungukiwi na hadithi.

Kuhusu darasa la watoto sitini au zaidi, michezo ya kukimbia ifanywe uwanjani, na chumbani wacheze safu moja huku nyingine zikihukumu. Ishara moja ya kunyamaza, kama vile mkono ulioinuliwa, ifundishwe kabla ya mchezo wowote. Dakika kumi zatosha kwa mchezo mmoja, na uachwe watoto wakiwa bado wanautaka. Vizibo hutunzwa katika kopo lenye kifuniko, na kabla ya kufungwa kila kikundi huvipanga kwa mfululizo wa alfabeti. Kikipungua kimoja, watoto husoma kutoka mwanzo mpaka wafike penye pengo, na kulitaja kwa Kiingereza jina la herufi iliyopotea, ndipo waanze kuitafuta chini ya madawati.