Mgawa Zamu wa Seva

Matokeo ya mtihani yakitangazwa, maelfu ya watu hufungua tovuti ileile dakika ileile. Seva moja, hata iwe na nguvu kiasi gani, huelemewa. Ndiyo maana mafundi huweka seva tatu au nne zinazoendesha programu moja, kisha mbele yake wakasimamisha seva ya wavuti inayopokea kila ombi na kulipeleka kwa mojawapo; hiyo huitwa proksi.

Kazi hiyo mara nyingi hupewa Nginx, programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na Mrusi Igor Sysoev. Mipangilio yake ni mifupi ajabu. Katika fungu la “upstream” huorodheshwa anwani za seva za nyuma, tuseme 10.0.0.11:8080 na 10.0.0.12:8080, kisha mstari mmoja wa “proxy_pass” huelekeza maombi huko. Fundi asipoongeza neno, Nginx hugawa kwa zamu. Akiandika “least_conn”, ombi jipya huenda kwa seva yenye miunganisho michache wakati huo.

Kugawa si kazi. Kazi ni kumkumbuka mteja.

Mteja wa duka la mtandaoni ameshaingiza nywila na kuweka viatu kwenye kikapu, na habari hizo zimo katika kumbukumbu ya seva ya kwanza. Ombi linalofuata likiangukia seva ya pili, anadaiwa nywila upya na kikapu ni kitupu. Wengi hukimbilia “ip_hash”, inayomrudisha mteja kwenye seva ileile kwa kutazama anwani yake. Tatizo ni kwamba katika anwani za IPv4 hutazamwa sehemu tatu za mwanzo tu, nazo kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache. Afrika Mashariki, ambako wengi huingia mtandaoni kwa simu, seva moja yaweza kuzidiwa huku wenzake wakisinzia. Afadhali habari za wateja zihifadhiwe mahali pamoja, kwa mfano kwenye hifadhidata ya Redis, ili seva yoyote izisome.

Seva ya nyuma ikizimika je? Kwa kawaida Nginx ikishindwa kuifikia mara moja tu, huiweka kando kwa sekunde 10 na kuipa nyingine lile ombi. Ombi la POST, yaani la kutuma taarifa kama za malipo, lililokwisha kutumwa halirudiwi, na ni heri: nani anataka akatwe malipo mara mbili?

Ila proksi yenyewe ikifa, seva zote za nyuma hazifikiki hata zikiwa nzima. Ofisi yenye huduma nyeti iweke proksi mbili.